Jina la Kufungia Wimbo

Lewisville, Texas

Kaka yangu Wafula,

Pokea salamu zangu, hata kama utazipokea kwa mkono wa kushoto. Nimeamua kushika kalamu kwa sababu simu zangu huchukui, na kwenye kundi la familia niliona yale maandishi madogo kwamba umejiondoa. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa kanisani kwetu anayesafiri kwenda Njoro kumzika shangazi yake. Ataiacha kwa Mama, na Mama nimemsihi asiifungue na asikuhubirie. Kama leo huna moyo wa kuisoma, iweke mahali pakavu uisome siku nyingine.

Mgongo unaendeleaje? Mama alisema umerudia kukaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichopinda mguu, na daktari alishakukataza. Wifi yangu Njeri hajambo? Kifua cha kitinda mimba wenu kilipoa? Na watu bado wanaleta redio kutengenezwa, ama siku hizi kazi ni kukodisha spika za harusi na matanga tu? Nauliza yote haya nikijua sitapata jibu, lakini nikianza barua bila kuuliza nitakuwa nimekukosea adabu mara ya pili.

Mimi nipo. Sisemi ni mzima, nasema nipo. Miguu imevimba hata viatu vya kazi navivaa kamba zikiwa wazi. Bado niko kwenye ile nyumba ya wazee ya Carrollton, na siku tatu za wiki nikitoka hapo saa tisa alasiri naenda moja kwa moja Plano kwa mama mmoja anayeuguzwa nyumbani kwake, hadi ale chakula cha jioni apande kitandani. Kazi ni kuosha, kugeuza, kulisha, kubadilisha, kisha kuandika kwenye kompyuta kwamba umeosha, umegeuza, umelisha. Kuna asubuhi najikuta niko katikati ya barabara kuu na sikumbuki nilivyofunga mlango wa nyumba. Joto nalo limekataa kuondoka. Ukiliacha gari juani, usukani unakuchoma viganja. Mwezi uliopita ikanyesha mvua ya mawe makubwa kama ndimu, ikavunja kioo cha nyuma cha gari la Zuhura.

Zuhura ndiye ninayekaa naye, yule mama wa Kisauni niliyekuambia, anayefanya kazi jikoni pale pale kwa wazee. Amenizidi miaka kumi na ananitunza kama ndiye aliyenizaa. Juzi alinikuta nimelala mezani na kijiko mkononi.

"Wewe mwanamke, hiyo off yako moja ume-pick shift tena?" akaniambia. "Utakuja kutufia hapa, halafu mie ndio nikaanze ku-explain kwa mamako kule Nakuru. Inuka ukalale kitandani, kitanda si pambo."

Lakini sikuketi kukulilia miguu. Nimeandika kwa sababu ya wimbo. Nataka kukueleza jinsi jina lako lilivyotoka kwenye kile kibao, na nataka uelezwe na mimi mwenyewe, kwa sababu mara ya kwanza nilidanganya. Ukimaliza kusoma utaamua kama bado una dada huku au huna.

Wacha nianzie kwa Bi Earlene. Ni bibi mmoja pale kazini, amekula chumvi nyingi, na siku nyingi hanikumbuki jina. Mimi nikimchana nywele huwa naimba kwa sauti ya chini zile nyimbo za kantri tulizokuwa tukisikiliza Jumapili kwenye redio ya Baba. Yeye hawezi kukumbuka alichokula asubuhi, lakini maneno ya nyimbo hizo anayo yote. Basi tunaimba wawili, yeye akiwa ameshika kioo. Jumapili moja mwanawe, Dale, alikuja kumtembelea akatukuta hivyo. Akasimama mlangoni na kofia yake kubwa mpaka tukamaliza.

"Hizi umejifunzia wapi?" akaniuliza.

"Nakuru," nikamwambia.

"Nakuru iko upande gani wa Tennessee?"

Nilicheka hadi Bi Earlene akanikemea kwa kumvuta nywele. Nikamwambia Dale kwamba kwetu kuna wazee wa mashamba, wenye makoti mazito na gambuti, ambao wakisikia lile gitaa la kulazwa magotini likilia, wanatoa leso. Hakuniamini. Alidhani nataka kumfurahisha. Ikabidi nimwonyeshe kwenye simu ile video ya harusi ya binamu yetu, wazee wamevaa kofia za kichunga ng'ombe wanacheza mstarini, nawe uko kando unashughulikia mitambo. Aliitazama mara mbili, kisha akasema ana studio nyuma ya nyumba yake huko Fort Worth, chumba alichokitengeneza mwenyewe, na kama nina wimbo wangu niulete.

Nilikuwa nao. Niliutunga ndani ya gari, kipande leo na kipande wiki ijayo, nikisubiri taa zigeuke kijani. "Natoka zamu ya kwanza, naingia zamu ya pili, kitanda changu chaniuliza, wewe mgeni wa nani." Hayo mengine unayajua, umeyasikia. Nikauita Zamu Mbili. Kiitikio niliweka Kiingereza, kwa sababu Dale alisema hata mkahawa wa barabarani hawataupiga kama hawaelewi neno moja.

Nilikwenda Fort Worth Jumamosi nne mfululizo. Nilibeba gitaa la Baba. Na hapa nataka uelewe kwamba sijasahau, hata dakika moja sijasahau. Gitaa lile lilikuwa lako, wewe ndiye kifungua mimba. Baba mdogo Simiyu alisimama pale uwanja wa ndege mbele ya watu wote akasema gitaa la mwenye nyumba haliendi ng'ambo na msichana. Wewe ukamwambia vidole vyako vimeshazoea nyaya za redio, ukanitia mkoba wa gitaa begani ukanisukuma kwenye foleni. Tena ni wewe uliyenishika vidole nikiwa darasa la tano ukanionyesha pa kubonyeza. Dale alipoliona aligeuza geuza lile tundu ulilolifunika kwa bati, akasema hajawahi kusikia gitaa la sauti kavu namna ile, na akanikataza kutumia lake.

Sasa tulipofika mwisho wa kurekodi, gitaa likiwa bado linazunguka, nikaanza kutaja majina. Sikuwa nimepanga wala sikumwuliza mtu. Ungenielewa ungekuwepo. Mkono unapopiga ile miondoko ya kumalizia, mdomo nao unafunguka kutaja watu. Dale akasimamisha mtambo.

"Hawa ni akina nani? Ni wadhamini?"

"Ni watu wangu."

"Unawaambia nini?"

"Siwaambii kitu. Nawataja tu."

Akajikuna chini ya kofia. "Haya, wataje basi," akasema, akawasha tena.

Nikawataja kama Baba alivyokuwa akitaja kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa maghala, siku za Krismasi. Unakumbuka watu walivyokuwa wakinyamaza? Alianza na wa mbali, akaja na majirani, akaja na wa nyumbani, na kila mtu alikuwa anajua lile la mwisho ndilo. Jina la kufungia. Ukisikia amelitaja hilo akapiga nyuzi zote kwa pamoja akanyamaza, basi wimbo ni wa huyo mtu. Mwaka Mama alipotoka hospitali jina la kufungia lilikuwa lake, akakimbilia jikoni kujifanya anakoleza moto. Mimi nikaanza na Bi Earlene na Zuhura, nikaja na mchungaji wetu, nikamtaja marehemu Baba, nikamtaja Mama Wafula, nikamtaja Baba mdogo Simiyu. Naye nilimtaja, ndiyo, ni mzee wetu. Halafu nikasema, "Na Wafula wa redio, aliyenipa gitaa ambalo si langu." Nikapiga nyuzi zote. Nikanyamaza. Dale akavua ile kofia, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila hiyo.

Kwa hivyo jina lako lilirekodiwa. Lipo. Hilo si uongo.

Uongo unaanzia Jumanne moja, kwenye chumba cha kupumzikia kazini. Nilikuwa na dakika kumi na tano na sahani ya wali wa baridi. Dale akapiga simu. Akasema wimbo una karibu dakika tano, na vituo vya redio havichukui wimbo wa dakika tano kutoka kwa mtu wasiyemjua. Ameufupisha. Majina hakuyaondoa, alijua nayapenda, lakini ameifanya sauti ififie taratibu yakiwa bado yanaendelea, ili msikilizaji ahisi wimbo unaenda mbali. "Sikiliza," akasema, akaupiga kwenye simu.

Nikasikiliza. Nikasikia Mama. Nikasikia Simiyu, sauti ikiwa imeshapungua lakini inasikika. Kisha hapakuwa na kitu.

"Unataka uishie hapo?" akaniuliza. Wafula, aliniuliza. Hakukata kwa siri. Aliuliza, akangoja.

Juu ya mlango taa ya mgonjwa ilikuwa inawaka, mtu wa chumba cha nane anataka kupelekwa msalani. Nikameza wali uliokuwa mdomoni nikasema, "Hapo pazuri. Tuma."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu angesema nilichoka, na kweli nilichoka, nilikuwa siku ya sita bila kupumzika. Lakini uchovu hauwezi kubeba yote haya. Nilisikia vizuri kabisa kwamba jina lako halimo. Nilitaka ule wimbo uchezwe. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa mtu wa kugeuza watu kitandani, na kwa mara moja nilitaka nisikike mahali nikiwa mtu mwingine.

Siku kibao kilipoachiwa, Ijumaa ile, huku hakuna kilichotokea. Niliamka, nikaogesha watu wanane. Zuhura alioka keki akaiandika Zamu Mbili kwa sukari, ikaliwa na wauguzi ambao hawakuuliza ni ya nini. Nikampigia Bi Earlene wimbo kwenye simu, akasema huyo mwanamke anaimba vizuri, anatoka wapi? Nikasema Nakuru. Akasema anapajua.

Ya kwenu niliyapata kwa Mama siku mbili baadaye. Alinisimulia kwamba ulitoa spika kubwa zote mbili nje ya duka. Kwamba uliazima viti vya kanisa, na Njeri akapika chai na mandazi tangu alfajiri. Kwamba ulialika wazee wote waliomjua Baba kutoka maghala, na Baba mdogo Simiyu akaletwa kwa gari kutoka Bahati, na ukawaambia dadangu ametoa wimbo Marekani, mtulie msikie anafungia nani. Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Ulikuwa unajua. Kila mtu aliyejua nyumba yetu alikuwa anajua.

Na wimbo ukafifia baada ya Simiyu.

Mama alisema Simiyu alisimama, akavua kofia, akaanza kupeana mikono na watu. Alisema wazee walimpongeza na mmoja akasema kumbe yule msichana ana adabu, amemkumbuka mzee wa ukoo. Na wewe ukasema ngojeni, kuna hitilafu. Ukaurudisha nyuma. Ukasikiliza ukiwa umeweka sikio kwenye spika. Ukaurudisha tena. Halafu ukachukua bisibisi, ukaifungua spika mbele ya watu wote, ukakagua nyaya moja moja, ukidhani ni chombo chako kimemeza jina.

Mama aliishia hapo. Nafikiri angenitukana ningeona nafuu.

Basi nikafanya la pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Nilikutumia ule ujumbe wa sauti kwamba mzungu amekata wimbo bila kuniuliza. Niliongeza na chumvi, nikasema hata mimi nimelia. Nikasema tena kwamba kwa vyovyote umetajwa, kwa sababu nimesema Mama Wafula. Ukajibu maneno matano tu: hilo ni jina la Mama. Kisha ukatoka kwenye kundi. Ulikuwa umejibu sawa. Nilikuwa najua ni upuuzi nikiwa bado naongea.

Uongo huo ningeubeba hadi leo kama si Houston. Kuna kituo kidogo cha redio kule, kina mama mmoja mwenye kipindi cha kantri cha alasiri, akaupenda wimbo akawa anaupiga karibu kila siku. Watu wetu wa huko, Wakenya, Watanzania na Wakongo, wakausikia wakiwa kwenye magari, wakaanza kupigiana simu, kumbe kuna Kiswahili ndani ya kantri! Wakanialika Jumamosi moja kwenye ukumbi wao. Zuhura akanipeleka, zaidi ya saa nne barabarani, gari lake na kioo cha nyuma kimefungwa kwa nailoni kinapigapiga njia nzima. Nilikuwa nimenunua viatu virefu vya kichunga ng'ombe kwa ajili ya siku hiyo, vikanibana hata nikashindwa kuvivua peke yangu. Tuliposhuka Houston jasho likatuvaa pale pale, lile jasho la pwani. Zuhura akafungua mikono.

"Hapa sasa ni nyumbani," akasema. "Kule kwetu Dallas ni oveni tu, wallahi."

Niliimba mchana kweupe, watoto wanakimbizana kati ya viti na pilau inanukia nyuma. Nilikuwa nimeamua kuuimba mzima, majina yote, bila kupunguza. Watu waliimba nami. Walijua hata majina, Wafula, watu nisiowajua wanamwita Mama Wafula kwa pamoja. Tulipofika kwa Simiyu wakapiga makofi na vigelegele, kwa sababu kwao wimbo unaishia hapo, ndivyo walivyouzoea. Nikataja jina lako katikati ya makofi. Halikusikika. Mimi mwenyewe nililitaja kwa kinywa changu na masikio yangu hayakulisikia.

Nikateremka jukwaani nikitembea kwa vidole kwa sababu ya vile viatu. Mzee mmoja Mkongo aliyekuwa safu ya mbele akanifuata. Wanamwita Papa Deo, anapakia mizigo bandarini huko. Yeye alikuwa karibu, alisikia.

"Mama, ule Wafula wa mwisho," akaniambia, "njo mwenye wimbo, ao?"

Nikamwangalia. "Ndiye, Papa."

"Nilijua. Hata kwetu ni vile, ule wa mwisho njo mukubwa. Sasa juu ya nini ku radio haiko? Nani alimukata?"

Nilifungua mdomo kusema Dale. Lilikuwa tayari kwenye ulimi, nilikuwa nimeshalisema kwa Mama, kwako, kwa Zuhura, hata kwa mchungaji. Nikasema, "Mimi."

Papa Deo akatikisa kichwa. "Ah non, mama. Kwetu bantu banapigana juu ya kitu kama hiki."

Akaenda zake kuchukua pilau. Neno hilo lilinitoka mara ya kwanza mbele ya mtu nisiyemfahamu kabla sijakuambia wewe, na kwa hilo pia nakuomba radhi. Kwenye gari nikamweleza Zuhura. Nilitarajia atanipoza, huwa ananipoza. Aliendesha tu mpaka tukapita mji wa kwanza.

"Ulini-lie mpaka mie?" akasema. "Nami nimemtukana yule maskini Dale moyoni mwezi mzima, mtu hana hatia. Mwandikie kakako. Hashiki simu, mwandikie. Na usijipambe."

Nimejaribu kutojipamba. Njia nzima ile nilikuwa najiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kusema hapo pazuri. Nimepata jibu na halinipendezi. Ni kwa sababu nilijua likikatwa jina la Simiyu ataleta maneno ukoo mzima, likikatwa la mchungaji kanisa litauliza, na likikatwa la Mama dunia itanilaani. Likikatwa lako, Wafula ataelewa. Nilifikiri hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nilikosa harusi yako, nikasema Wafula ataelewa. Baba alipozikwa karatasi zangu zilikuwa bado hazijatoka, ukasimama kaburini ukasoma maneno yangu kabla ya yako, na baadaye nikasikia hata hukupata nafasi ya kusoma yako, mvua ilikuja. Nikasema amenielewa. Miaka yote hii kila ninapolazimika kumpunguza mtu nimekupunguza wewe, kwa sababu wewe hulalamiki. Nimekuzoea vibaya, kaka. Na siku moja umelalamika, nimekutumia uongo.

Jumatatu baada ya Houston nikampigia Dale nikamwambia autoe ule wimbo kila mahali na aachie ule mzima. Alikasirika, kwa namna yake ya upole. Alisema kibao huachiwa mara moja, na ukikiondoa huku kinapendwa umekizika mwenyewe. Akasema yule mama wa Houston hana nafasi ya dakika tano. Nikamwambia basi asiupige. Akaniuliza kama niko tayari kupoteza wimbo mzima kwa ajili ya jina moja, nikasema ndiyo, na sauti yangu haikuwa ya ushujaa, Wafula, ilikuwa ya mtu anayetaka kulala. Aliuondoa. Sasa uliopo ni ule mrefu, unaofungwa unavyostahili. Yule mama wa Houston aliniandikia kwa heshima kwamba anasikitika. Tangu hapo hauchezwi popote. Papa Deo na wenzake labda wanao kwenye simu zao.

Sikuambii haya ili unipigie makofi. Najua sijatengeneza kitu. Wale wazee hawatarudi kukaa kwenye viti vya kanisa mbele ya duka lako ili wasikilize mara ya pili. Kwao aliyefungiwa ni Simiyu na watakufa wakijua hivyo. Aibu uliyoipata ulipata mchana, mbele ya watu, na mimi nalipia huku chumbani peke yangu ambako hakuna anayeniona. Si sawa na sijui itakuwaje sawa.

Nisalimie Mama, umwambie dawa za presha ameze hata siku ambazo hajisikii mgonjwa. Msalimie wifi yangu Njeri, na umwambie mandazi yale yananisumbua roho, maana yeye aliamka alfajiri kwa ajili yangu nami sijampa hata asante. Watoto wabusu, waambie shangazi yao anawauliza. Mchungaji wa huko mpe heshima zangu. Na Baba mdogo Simiyu msalimie pia. Hana kosa lolote. Nasikia anatembea akisimulia habari ya wimbo wake hadi Bahati sokoni, mwache mzee afurahi, usimwambie.

Bado jambo moja, halafu nikuache. Mama ulimi ulimteleza Jumapili, hakukusudia kuniambia. Kwamba kuna mteja aliyesikia ule wimbo kwenye simu ya mtu pale dukani, akakuuliza huyo mwanamke anayeimba ni nani, na wewe, bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio uliyokuwa unafungua, ukasema humjui. Nilikuwa nimeegesha gari nje kwa yule mgonjwa wangu wa Plano. Nilikaa pale nimeshika usukani mpaka binti yake akatoka kuniangalia kama niko salama. Sikukasirika. Nilijiuliza tu ulisema kwa sauti gani.

Wafula, mtu mwingine akikuuliza, sikuombi umwambie ni dada yako. Hiyo ni mbali, najua. Mwambie tu kwamba unanijua. Nitaanzia hapo.

Mdogo wako,
Nekesa